Duara, wingu au maharagwe: modeli ipi ya atomu kwa swali lipi

Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Kakamega na Vihiga hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga uliosagwa. Mwanafunzi wa huko akikuuliza kwa nini zebaki hushika dhahabu na kuuacha mchanga, amekuuliza habari za elektroni. Akikuuliza dhahabu yenyewe ilitoka wapi kabla haijaingia mwambani, amekuuliza habari za kiini, yaani sehemu ya katikati ya atomu yenye protoni na nyutroni. Atomu ni ileile, lakini mchoro unaojibu swali la kwanza haulijibu la pili hata kidogo. Hapo ndipo masomo mengi hukwama: mwalimu amechora maduara ya elektroni ubaoni, kisha anataka maduara hayohayo yaeleze nyota.

Zebaki na dhahabu zenyewe ni majirani. Dhahabu ina protoni 79, zebaki 80. Tofauti ya protoni moja tu, na hakuna moto, asidi wala sala itakayoitoa protoni hiyo. Mwaka 1941 wanafizikia walirushia zebaki nyutroni zenye kasi na kweli wakapata dhahabu, ila ilikuwa dhahabu yenye unururifu, yaani viini vyake huvunjika vyenyewe, isiyodumu.

Kwa anayefundisha au kuongoza klabu ya sayansi kati ya Nakuru na Kisumu, modeli zinazowezekana bila maabara ya gharama ni tatu. Kwa ufupi ziko hivi:

| | Duara | Wingu | Maharagwe |
|---|---|---|---|
| Huonyesha | mpangilio wa elektroni | mahali elektroni inapoelekea kupatikana | protoni na nyutroni |
| Hujibu | ioni, muungano wa kikemikali, rangi za mwanga | maumbo ya molekuli, elementi baada ya namba 20 | asili ya elementi, isotopu (atomu za elementi moja zenye idadi tofauti ya nyutroni), unururifu |
| Hushindwa | kuanzia potasiamu kwenda mbele | wanafunzi wa mwanzo | kemia yote |
| Muda | dakika 20 | dakika 40 | saa moja na nusu |

Duara

Huu ndio mchoro wa mwanafizikia Bohr wa mwaka 1913: kiini katikati, elektroni zimepangwa 2.8.8, yaani mbili duara la ndani, nane la pili, nane la tatu. Vifaa ni karatasi ya manila, bikari na vifuniko 20 vya soda. Chora maduara manne yenye nusu kipenyo cha sentimita 4, 8, 12 na 16, na vifuniko 20 vitakufikisha hadi kalsiamu. Usivuke hapo.

Nguvu yake inaonekana vizuri kwa maji ya visima vya Bonde la Ufa, ambayo mengi yana floridi nyingi. Florini ina elektroni 9, yaani 2.7. Inakosa moja tu, ikiipata inakuwa 2.8 na kutulia ikiwa ioni (atomu yenye chaji) ya floridi. Ioni hiyo inaingia kwenye meno ya mtoto mahali pa hidroksili (jozi ya oksijeni na haidrojeni), na ikizidi meno hugeuka kahawia. Duara pia linaeleza kwa nini kuchemsha hakusaidii. Floridi ni ioni iliyotulia ndani ya maji, haipai na mvuke. Chukua lita 2 zenye miligramu 3 kwa lita, chemsha mpaka zibaki lita 1.5: sasa una miligramu 4 kwa lita, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Aliyechemsha ameyaua vijidudu, ndiyo, lakini floridi ameiongeza makali. Mkaa wa mifupa huinasa kwa sababu mfupa una madini yaleyale ya jino.

Yanayoharibika ni matatu. La kwanza, wanafunzi wanadhani elektroni huzunguka kama sayari. Chaji inayozunguka namna hiyo ingepoteza nishati kwa mwanga na kuangukia kiini kabla hujapepesa jicho. La pili ni potasiamu. Duara la tatu linaweza kubeba elektroni 18, kwa hiyo mwanafunzi makini atakuuliza kwa nini ya 19 imehamia duara la nne badala ya kujaza la tatu. Swali ni zuri na duara halina jibu. Mwambie hivyo, kuliko kubuni kanuni.

La tatu ni ukubwa, na hili ndilo linaloumiza zaidi somo la asili ya elementi. Ubaoni kiini ni nukta kubwa na elektroni ziko shubiri moja pembeni. Peleka darasa uwanjani badala yake. Weka punje moja ya wimbi, yenye upana wa milimita 1.5 hivi, katikati ya uwanja wa mpira. Ikiwa hiyo ndiyo kiini cha haidrojeni, atomu nzima ina upana wa mita 90 hivi, karibu goli hadi goli. Na karibu uzito wote umo ndani ya wimbi ile, maana protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836. Tumia wimbi, si harage. Harage la sentimita moja litakupeleka mita 600 na utaishia kwenye shamba la jirani.

Wingu

Mwanafizikia Schrödinger aliandika mlinganyo wake mwaka 1926, na tangu hapo elektroni haina njia maalumu, ina uwezekano tu wa kupatikana mahali fulani. Maneno hayo ni rahisi kuyakariri na magumu kuyaamini, kwa hiyo ni bora wahesabu wenyewe.

Chora kwenye karatasi nyeupe maduara kumi, kila moja likizidi lililotangulia kwa sentimita 1 ya nusu kipenyo. Funika kwa karatasi ya kaboni, upande wa wino chini, kisha karatasi nyingine juu yenye alama ya katikati. Angusha gololi kutoka kimo cha mita 1.5 mara 100 ukilenga katikati. Lazima mtu aidake inapodunda, la sivyo kila mdundo unaacha alama mbili na hesabu inaharibika. Sakafu iwe ya saruji. Juu ya meza ya mbao gololi huacha alama hafifu. Hesabu nukta ndani ya kila ukanda.

Matokeo huwashangaza. Nukta zimebanana zaidi katikati, lakini ukanda wenye nukta nyingi si ule wa katikati, mara nyingi ni wa pili, wa tatu au wa nne. Sababu ni eneo: ukanda wa kwanza una sentimita mraba 3.1, wa pili 9.4, wa tatu 15.7. Haidrojeni hufanya vivyo hivyo. Uwezekano kwa kila kipande cha nafasi ni mkubwa zaidi kwenye kiini, ilhali umbali ambao elektroni huelekea kupatikana ni pikomita 53, palepale Bohr alipochora duara lake. Kwa hiyo wingu halilifuti duara, linalieleza.

Chagua wingu unapoingia elementi za baada ya 20, au mwanafunzi anapouliza kwa nini dhahabu ina rangi ya dhahabu. Jibu la hilo la mwisho lina utamu wake: kiini chenye protoni 79 huvuta kwa nguvu mno, elektroni za ndani kabisa huenda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na hilo hubadilisha nishati za elektroni zote, za nje zikiwemo, mpaka metali inameza mwanga wa samawati na kurudisha wa manjano. Kwa kidato cha pili, acha. Hata baluni zilizofungwa pamoja kuonyesha maumbo ya obiti, yaani maeneo ya wingu la elektroni, huwafurahisha kwa baluni zaidi kuliko kwa obiti.

Maharagwe

Hii ndiyo modeli inayopuuzwa zaidi, na kwa somo la asili ya elementi ndiyo pekee inayofaa. Katikati ya Jua kuna joto la digrii milioni 15 hivi. Huko elektroni zimeng'olewa, viini viko uchi, na maduara yako yote ya manila hayana kazi.

Nunua nusu kilo ya maharagwe mekundu na nusu kilo ya manjano. Utapata zaidi ya punje elfu moja kwa jumla, zinatosha darasa. Nyekundu ni protoni, njano ni nyutroni. Chagua aina mbili zenye ukubwa unaokaribiana. Ukichanganya maharagwe na ndengu, wanafunzi wataondoka wakiamini nyutroni ni ndogo, kumbe inaizidi protoni uzito kwa kiasi kidogo. Kila kikundi kipate visahani vinne na bakuli moja la kubadilishia.

Anza na Jua. Kosa la kawaida ni kuchukua punje nne nyekundu, kuzibana pamoja na kutangaza kwamba hiyo ni heli. Viini vinne havikutani kwa wakati mmoja. Fanya hivi: weka nyekundu mbili kwenye sahani, moja ibadilishwe bakulini kuwa njano. Ongeza nyekundu moja: sasa una heli-3 (namba hiyo ni jumla ya punje za kiini). Sahani ya pili ifanye vilevile. Mimina sahani mbili pamoja, toa nyekundu mbili. Kilichobaki ni nyekundu mbili na njano mbili, heli-4. Punje sita nyekundu ziliingia, mbili zikarudi, nne zimetumika. Kila ubadilishaji wa bakulini huwakilisha protoni iliyogeuka nyutroni, na ni hatua ya polepole mno. Polepole hiyo ndiyo iliyolifanya Jua liwake miaka bilioni 4.6 bila kuisha.

Hapa kuna jambo ambalo maharagwe hayawezi: yakiungana hayapungui uzito. Viini hupungua. Pima kilo moja ya maharagwe kwenye mizani, toa gramu 7, punje 15 hivi. Kilo moja ya haidrojeni hutoa gramu 993 za heli, na zile 7 ndizo mwanga wa Jua. Onyesha rundo lile dogo kando ya kilo nzima, kisha nyamaza kidogo.

Sasa waambie wapande ngazi kutoka heli, wakiongeza kiini kimoja kimoja, kwa sharti moja: hakuna kiini kinachodumu chenye jumla ya punje 5, wala chenye 8. Watajaribu heli na protoni, inakuwa 5, inavunjika. Heli na heli, 8, inavunjika. Waache wahangaike. Ngazi hizo mbili zilizovunjika ndizo zilizozuia Mlipuko Mkuu wa miaka bilioni 13.8 iliyopita kutengeneza zaidi ya haidrojeni, heli na chembe ndogo ya lithiamu. Kwa uzito, robo tatu ilibaki haidrojeni na robo hivi ikawa heli, basi. Ndani ya nyota nzee yenye joto la digrii milioni 100 msongamano ni mkubwa kiasi kwamba heli ya tatu huweza kufika kabla zile mbili hazijaachana. 6 na 6: kaboni-12. Mwaka 1953 mwanafizikia wa nyota Fred Hoyle alisema kwamba hilo haliwezekani kwa kiwango cha kutosha bila kaboni kuwa na ngazi ya nishati mahali maalumu, karibu na MeV 7.65 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini) juu ya hali yake ya kawaida. Maabara ikatafuta, ikaikuta.

Ongeza heli nyingine upate oksijeni-16, na kuendelea. Kwa ujumla hatua za juu hutoa nishati kidogo kuliko za mwanzo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kwamba nyota yenye uzito mara 25 wa Jua huunguza haidrojeni kwa miaka milioni kadhaa, kaboni kwa mamia ya miaka, na silikoni kwa siku moja hivi. Nishati inayokishikilia kiini pamoja ni MeV 8.8 kwa kila punje ya chuma-56, heli 7.1, uraniamu-238 7.6. Kilima kimefika kileleni. Kupanda zaidi ya hapo kwa kuunganisha kunagharimu nishati badala ya kuitoa.

Sahihisha kosa moja hapa, maana limeenea. Husemwa kwamba chuma kinachotiwa kutu kwenye murram yetu nyekundu ni kile kilichokuwa katikati ya nyota ilipolipuka. Sivyo. Moyo ule wa chuma huporomoka na kuwa nyota ya nyutroni, au shimo jeusi. Chuma kinachotawanyika huzaliwa kwenye mlipuko wenyewe kikiwa nikeli-56, ambayo baada ya siku 6 hivi nusu yake huwa kobalti-56, nayo kwa siku 77 nusu huwa chuma. Na sehemu kubwa ya chuma hicho hutoka kwenye milipuko ya nyota ndogo nyeupe zilizokwisha kufa, wala si nyota kubwa. Supanova (mlipuko wa nyota) iliyoonekana tarehe 23 Februari 1987 ilififia taratibu kwa mwendo uleule wa kobalti-56, wanajimu wakiisoma kama saa.

Baada ya chuma kuna njia mbili, na maharagwe huzitofautisha kuliko mchoro wowote. Njia ya polepole: ongeza njano moja kwenye chuma-56, una 57, inadumu. Nyingine, 58, inadumu. Nyingine, 59: hii haidumu, nusu yake huisha kwa siku 44.5. Badilisha njano moja iwe nyekundu, umepata kobalti-59. Hivyo hivyo, nyutroni moja baada ya nyingine, ndani ya nyota kubwa nyekundu, mpaka bariamu na risasi. Ushahidi ulipatikana mwaka 1952 pale teknetiamu ilipoonekana kwenye mwanga wa nyota za aina hiyo. Teknetiamu haina isotopu inayodumu, kwa hiyo haikurithiwa. Ilipikwa humo humo.

Njia ya haraka ndiyo ya dhahabu. Anza na nyekundu 26 na njano 30. Ongeza njano nane kwa mkupuo, badilisha tatu ziwe nyekundu. Rudia mizunguko 17, kisha ongeza tano na ubadilishe mbili. Hesabu: nyekundu 79, njano 118, dhahabu-197, isotopu pekee ya dhahabu inayodumu. Mafungu ya nane kwa tatu ni ya mchezo, maumbile hayana hesabu nadhifu namna hiyo, ila mwendo ni huo: mafuriko ya nyutroni yanayoupita kwa mbali muda wa kiini kupumua. Darasani huchukua dakika kumi. Kwenye nyota ni suala la sekunde moja hivi. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni zilipatikana zikigongana, miaka-nuru milioni 130 kutoka hapa, na mwanga uliofuata ukabadilika kutoka samawati kwenda wekundu ndani ya siku chache, jinsi unavyotarajiwa kutoka kwa wingu la elementi nzito zilizozaliwa sasa hivi. Kama migongano hiyo peke yake inatosha kueleza dhahabu yote, bado wataalamu wanabishana.

Jedwali la kawaida au la rangi

Kwa kemia, jedwali la kawaida la elementi linatosha. Kwa asili, tafuta lile lililopakwa rangi kulingana na chanzo, lakini likague kabla ya kulichapisha. Tazama kisanduku cha dhahabu: kama kinataja supanova tu, jedwali ni la zamani. Tazama lithiamu, beriliamu na boroni: bora ziwe na rangi ya mionzi ya anga, maana hiyo huvunja viini vikubwa na kuacha hivi vidogo. Tazama haidrojeni: iwe Mlipuko Mkuu peke yake. Usemi kwamba sisi sote ni vumbi la nyota unasahau kwamba mtu wa kilo 60 ana takriban kilo 6 za haidrojeni, ambazo hazikutengenezwa na nyota yoyote. Ukikuta kisanduku kina rangi moja tupu kwa kila elementi, mchoraji amerahisisha mno. Visanduku vingi vinastahili rangi mbili au tatu.

Ushahidi: CD au DVD

Maharagwe yanaeleza, hayathibitishi. Uthibitisho ni mistari ya mwanga, na hiyo ni kazi ya duara: elektroni ikishuka ngazi hutoa rangi yake maalumu. Kwa sanduku la viatu, wembe mbili zilizoacha ufa wa milimita 0.2 na kipande cha diski, utaona mistari hiyo. Chagua DVD. Mistari yake iko mikromita 0.74 kutoka mmoja hadi mwingine, ya CD 1.6, kwa hiyo DVD hutawanya rangi zaidi ya maradufu. Ufa uwe sambamba na mistari ya diski pale unapotazama. Ukiwa umepinda, rangi zinachanganyika. Elekeza kwenye taa ya mrija wa florosenti, utaona kijani cha nanomita 546 na samawati ya 436, zote za zebaki. Ukitumia balbu ya LED hutaona mistari, utaona upinde mtupu, na wengi hudhani kifaa kimeharibika. Chumvi kwenye moto wa spiriti hutoa manjano ya 589. Usielekeze kwenye Jua.

Mwaka 1868 mstari wa manjano wa 587.6 ulionekana kwenye mwanga wa Jua, jirani kabisa na ule wa chumvi. Kifaa chako cha sanduku hakitaitenganisha miwili hiyo. Vya wanajimu viliitenganisha, na heli ikajulikana Juani miaka 27 kabla ya kupatikana duniani.

Ukiwa na muda kiasi gani

Kipindi kimoja cha dakika 40 na mtihani unakaribia: duara, na punje ya wimbi uwanjani kama mvua hainyeshi. Vipindi viwili pamoja: maharagwe mpaka kaboni, usiguse dhahabu. Klabu ya Jumamosi: maharagwe yote, DVD baada ya chai, na wingu liwe la siku nyingine. Kati ya Desemba na Februari, watakaobaki mpaka saa mbili usiku wataziona Kilimia na, upande wa mashariki yake, Betelgeuse nyekundu, nyota inayoelekea kwenye mlipuko. Maharagwe yachaguliwe na kurudishwa kwenye mifuko yake makavu. Yataingia sufuriani bila shida, isipokuwa kama kuna kikundi kilichoona ni vyema kuyapaka rangi ya mafuta ili protoni zing'ae.